Saa kumi ya kompyuta na saa kumi ya mzee

Nimekuwa kimya hapa kibarazani wiki mbili nzima na baadhi yenu mmeniandikia mkiuliza nimepotelea wapi. Sikupotea. Nilikuwa napigana na kompyuta, na nimerudi na kisa ambacho hakinipi sifa hata kidogo. Nitakisema hivyo hivyo.

Wengi mnajua kuwa mimi ni mwandishi wa habari, si mhandisi. Python nilijifunza mwenyewe usiku usiku nikiwa chuo. Tatizo ni kwamba chumba cha habari kikishajua unaweza kuandika mistari mitano ya programu, umekwisha. Kila kitu unaletewa wewe. Safari hii niliombwa kitu kidogo tu: programu ya kuchukua matangazo ya misiba na mikutano na kuyapanga kwenye tovuti yetu, siku na tarehe zikiwa kwa Kiswahili. Jumamosi, siyo Saturday.

Kwa kazi hiyo Python ina maktaba iitwayo locale. Kazi yake ni kuuliza mfumo endeshi wa kompyuta: watu wa hapa wanatumia lugha gani? Siku wanaziitaje? Sehemu za namba wanazitenga kwa nukta au kwa mkato? Maktaba yenyewe haijui Kiswahili. Inaazima kila kitu kutoka kwenye mipangilio ya mfumo endeshi. Shika hilo, maana ndiyo siri ya yote yanayofuata.

Kwenye kompyuta yangu ya mkononi ilikubali mara moja. Nikaita setlocale, nikataja sw_TZ.UTF-8, yaani Kiswahili cha Tanzania, na Jumamosi ikatokea. Nikapeleka programu kwenye seva ya ofisini. Ikagoma na kuniandikia: "unsupported locale setting". Kwa lugha ya mtaani, hiyo unayoitaja hapa hatuna.

Nikafanya nini? Nikailaumu maktaba. Nikaifuta Python na kuiweka upya. Nikabadili toleo. Masaa matatu yakapita. Mwisho, kwa kuwa mhariri alikuwa ananisubiri, nikafanya ujinga mkubwa zaidi: nikaizungushia try na except, kwamba kosa likitokea programu ilimeze na kuendelea kana kwamba hakuna kitu. Kosa likanyamaza kweli. Tovuti ikaandika Saturday. Mhariri akanipigia: "Kaka, hivi hili ni gazeti la Kiswahili au?"

Nikarudi, nikaitoa ile try, na nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo, yaani kuuuliza mfumo endeshi wenyewe. Amri ni fupi: locale -a. Inakuorodheshea lugha zote ambazo mashine hiyo imewekewa. Ya kwetu ilikuwa na C, POSIX, C.UTF-8 na Kiingereza cha Marekani. Basi. Kiswahili hakikuwepo. Seva nyingi za Linux huanza maisha na lugha chache tu ili zisiwe nzito. Maelezo ya sw_TZ na sw_KE yapo kwenye hazina ya Linux, lakini lazima mtu aagize yatengenezwe. Kwa wanaotumia Ubuntu, dawa ni mstari mmoja: sudo locale-gen sw_TZ. Ukimaliza anzisha upya programu yako.

Kuna mitego mingine miwili, niwapunguzie kulala macho. Ukiita setlocale na kuiachia jina tupu, inasoma mipangilio ya mazingira: kwanza LC_ALL, kisha ile ya kundi husika kama LC_TIME, mwisho LANG. Programu inayoamshwa na ratiba ya seva usiku mara nyingi hairithi mipangilio ya dirisha lako, kwa hiyo mchana inasema Kiswahili na usiku inasema Kiingereza. Pili, setlocale inabadili lugha ya programu nzima. Kama programu moja inahudumia wasomaji wa lugha mbili kwa wakati mmoja, watavurugana. Hapo ni afadhali kutumia maktaba ya Babel, ambayo inabeba majina ya siku na miezi yenyewe bila kutegemea mfumo endeshi.

Jumamosi ikatokea kwenye seva. Nikapongezwa. Nikanunuliwa soda. Nikajiona fundi.

Siku chache baadaye mzee mmoja akapiga simu chumba cha habari, akaunganishwa kwangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Tangazo lenu la mazishi limesema saa kumi. Nimefika makaburini saa tisa na nusu. Nimekuta kaburi limeshafukiwa."

Marehemu alikuwa rafiki yake tangu wakiwa shule. Nikafungua tangazo. Limeandikwa vizuri kabisa: "Jumamosi, saa 10:00." Familia ilisema saa nne asubuhi. Dada anayeingiza matangazo alijaza 10:00, kwa sababu ndivyo fomu ya kompyuta inavyotaka. Programu yangu ikaweka neno "saa" mbele ya namba, ikachapisha. Kila mtu alifanya kazi yake sawasawa, na mzee akakosa kumzika rafiki yake.

Nilisema samahani. Akasema, "Haya mwanangu, yameshapita," akakata simu. Afadhali angenitukana.

Sasa nifike kwenye ninachotaka kusema. Mwanzoni nilijiambia kuwa teknolojia ni ya wenzetu, haitujui. Si kweli, au ni nusu ya ukweli. Majina ya siku na miezi yetu yamo ndani ya Linux, na yamo kwenye CLDR, hazina ya lugha inayosimamiwa na Unicode Consortium, ambapo Kiswahili kina maelezo ya Tanzania, Kenya, Uganda na hata Congo. Kuna watu walikaa chini wakayaandika. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kwa upande wa majina ya siku, basi, mlango ulikuwa wazi. Sisi ndio tuliiacha seva yetu kwenye Kiingereza cha Marekani kwa sababu ndivyo ilivyokuja.

Kwenye saa hali ni tofauti. Programu za kupanga tarehe na muda zinajua namna mbili tu za kuhesabu: saa 24 kuanzia usiku wa manane, au saa 12 zilizogawanywa kabla na baada ya adhuhuri. Saa yetu, inayoanza kuhesabiwa jua likichomoza, haimo. Ukiweka mipangilio yote ya Kiswahili unayoijua, maktaba itakupa Jumamosi safi kabisa, na pembeni yake itakupa saa ya Mwingereza. Unapata lugha nusu. Na nusu ni hatari kuliko kukosa kabisa, maana tangazo lingekuwa la Kiingereza tupu, mzee angemuuliza mjukuu wake. Lilikuwa la Kiswahili, akaliamini.

Rafiki zangu wa kompyuta wananiambia, "Andika saa 24 tu, kila msomi anaelewa." Wasomi wangapi wanakwenda kuzika? Gazeti la Kiswahili linaandikiwa nani? Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tukashangilia wote. Vizuri. Lakini lugha haiishi kwenye sherehe. Inaishi kwenye vitu vidogo kama saa ya mazishi.

Basi nimefanya hivi. Nimeandika kipande changu cha programu: chukua saa ya kompyuta, toa sita, ukipata sifuri andika 12, ukipata chini ya sifuri ongeza 12, ukipita 12 toa 12. Saa 10:00 inakuwa saa 4. Saa 14:00 inakuwa saa 8. Kisha neno ni lazima, bila neno tangazo halitoki: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Kazi ngumu ilikuwa usiku wa manane kupita. Saa 2:00 ya kompyuta siku ya Jumapili, kwetu ni saa nane usiku wa kuamkia Jumapili. Mwandishi yeyote wa habari za ajali anaijua hiyo "kuamkia", kompyuta haiijui mpaka uifundishe. Nimeifundisha.

Na ile try na except? Nimeitoa moja kwa moja. Seva ikikosa Kiswahili, programu isimame na kupiga kelele. Kosa linalopiga kelele lilinipotezea masaa matatu. Kimya cha tangazo lililoonekana sawa kilimgharimu mtu kitu ambacho siwezi kumrudishia.

Ombi langu kwenu mnaojua kompyuta ni moja. Leo, kabla hujalala, andika locale -a kwenye seva ya kazini kwako uone kama lugha yako imo. Halafu chukua chochote kinachoandika saa kwa wananchi, iwe zahanati, shule au kampuni ya mabasi, umpe mama yako asome bila maelezo. Akikuuliza "asubuhi au jioni?", kazi bado haijaisha.

Kazi kwenu.