Kuitilia bahari mbolea si dawa ya joto duniani

Kila mkulima anajua kwamba shamba lililokosa kirutubisho kimoja halizai vyema, hata mvua ikinyesha vipi. Bahari nayo hufuata kanuni hiyo. Mwani mdogo usioonekana kwa macho hutumia mwanga wa jua kugeuza hewa ya kaboni kuwa chakula. Hata hivyo, katika Bahari ya Kusini, inayozunguka Antaktika, mwani huo ni haba ingawa naitrojeni na fosforasi zimejaa tele. Kinachokosekana ni chuma, ambacho bila hicho usanisinuru hauendelei.

Ndiposa wapo wanaotaka bahari imwagiwe chuma ili mwani unyonye kaboni na kuipunguzia dunia joto. Jaribio la mwaka 1993 karibu na visiwa vya Galápagos lilithibitisha kwamba mwani hustawi kweli. Lakini mwaka 2009, wataalamu wa India na Ujerumani walipomwaga chuma kusini mwa Atlantiki, mwani ulimea kisha ukaliwa na vijidudu vya baharini. Diatomu, mwani wenye magamba unaozama upesi, haukustawi kwa kukosa silika. Kaboni iliyozama ilikuwa kidogo mno.

Funzo ni wazi: ukiziba upungufu mmoja, mwingine hujitokeza. Isitoshe, virutubisho vinavyotumiwa na mwani huku huenda vikakosekana kwingine, na samaki wa wenyewe wakadhoofika. Mataifa yenye viwanda yapunguze moshi wao kwanza. Bahari si jaa la kutupia deni lao.