Kidumu Kitupu Tusikitupe
Mama mpenzi, kidumu cha mafuta ya kula cha lita 5 kikiisha, tukioshe kwa sabuni. Tutoboe tundu dogo chini ya mdomo kwa msumari wa moto, tukining'inize karibu na choo, kamba ishuke hadi kijiti cha kukanyagia, mkono mchafu usikiguse. Hicho ndicho kibuyu chirizi. Hapa Njisi, Mto Songwe ukifurika, kipindupindu hakiko mbali.

Chupa za soda nazo tuzitumie, ila tusitie humo mafuta ya taa. Mtoto mwenye kiu huona soda tu! Akiyanywa, tusimtapishe, tumkimbize zahanati na chupa yenyewe. Na chupa ya dawa ya kupulizia kakao, hata tuioshe mara saba kama Naamani, haifai kuwekea chumvi.