Ukuta Unaotoa Chumvi

Unga mweupe chini ya ukuta, rangi iliyovimba malengelenge kisha ikabanduka, plasta inayopukutika kila ikiguswa na ufagio: nyumba nyingi za mwambao, kuanzia Lamu hadi Mtwara, zina walau chumba kimoja cha namna hiyo. Wenyewe husema ukuta unatoa chumvi, na hawakosei. Kinachokosewa ni tiba. Sikukuu ikikaribia ukuta husuguliwa kwa msasa, hupigwa puti, hupakwa rangi mpya ikapendeza macho, na masika ikiingia unga unarudi palepale.

Chumvi haina miguu. Hubebwa na maji. Maji hupanda kutoka ardhini kupitia vitundu vidogo vya tofali, au hupenya kwenye ufa, au huvuja kwenye bomba lililofukiwa ukutani. Njiani huyeyusha chumvi iliyomo kwenye udongo, kwenye mchanga wa kujengea na hata kwenye simenti yenyewe. Yakifika usoni mwa ukuta hukauka, chumvi ikabaki. Punje zake zinapokua ndani ya plasta huisukuma mpaka ikaachia. Tena chumvi ya kawaida ina tabia nyingine: unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, huanza kunywa maji kutoka hewani. Pwani kiwango hicho hufikiwa mara kwa mara, hasa usiku. Ndiyo maana ukuta uliokwisha kushiba chumvi huendelea kutota hata baada ya bomba kuzibwa.

Kazi ya kwanza, basi, ni kujua maji yanatoka wapi, na hiyo haihitaji fundi. Mahali lilipo doa panaeleza mengi. Doa linaloanzia sakafuni na kukomea mita 1 hivi kwenda juu, kwa mstari unaofuatana na ukuta mzima, aghalabu ni maji ya ardhini: msingi haukuwekewa nailoni wala lami ya kuzuia, au iliwekwa ikatobolewa. Doa la karibu na dari ni la bati au la mfereji wa maji ya mvua. Doa la duara katikati ya ukuta, hasa ukuta unaopakana na bafu, ni la bomba au la maji yanayopenya kwenye maungio ya marumaru.

Bomba likishukiwa, mita ya maji ndiyo shahidi. Usiku koki zote hufungwa na namba za mita zikaandikwa. Alfajiri, kabla mtu hajachota hata kopo, husomwa tena. Zikiwa zimesogea, yapo maji yanayopotea. Nyumba inayotumia tenki la juu hupimwa kwenye tenki lenyewe, maana mita haioni kinachovuja baada ya hapo: tenki hujazwa, koki ya kuingizia maji hufungwa, kina cha maji hupimwa kwa kijiti usiku na asubuhi.

Jaribio jingine hugharimu kipande cha nailoni tu. Hukatwa sentimita 50 kwa 50, kikabandikwa ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne pasiwe na upenyo, kikaachwa siku 2. Matone yakijikusanya upande wa ndani, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumbani, ukuta hauna kosa: chumba hakipitishi hewa, na dawa yake ni dirisha, au kulivuta kabati lililogandamana na ukuta.

Wengi huanza kubomoa ndani ilhali kosa liko nje. Uani huinuka mwaka hadi mwaka kwa kifusi, mchanga na zege la kibaraza, mpaka ardhi ya nje inalingana na sakafu au kuipita. Kiwango kizuri ni ardhi kuwa chini ya sakafu kwa milimita 150 au zaidi, na uso wake uwe na mteremko wa kupeleka maji mbali na nyumba. Bustani ya maua iliyopandwa ukutani na kumwagiliwa kila jioni ni chemchemi ya kujitengenezea. Vivyo hivyo tenki linalofurika kando ya msingi, na maji ya bati yanayodondokea palepale kwa kukosa mfereji. Jembe, toroli na siku mbili za jasho huweza kumaliza tatizo ambalo makopo kadhaa ya rangi hayakuligusa. Dawa za kupaka za kuzuia maji, zinazouzwa kwa sifa nyingi madukani, hazifai kitu kwa ukuta ambao bado unanyweshwa kwa chini. Huyafungia maji ndani, nayo hupanda juu yakitafuta pa kutokea.

Njia ya maji ikishakatwa ndipo plasta mbovu hubomolewa. Kama kuna soketi au swichi karibu, umeme huzimwa kwanza kwenye swichi kubwa, kwani ukuta uliolowa na tindo ya chuma havichezewi pamoja. Plasta huondolewa mpaka sentimita 30 hadi 50 juu ya mstari wa unyevu, hata kama sehemu hiyo inaonekana nzima, kwa sababu chumvi hutangulia pasipoonekana. Maungio ya tofali huchokonolewa kidogo ili plasta mpya ipate pa kushika. Unga husuguliwa kwa brashi ngumu, pakavu, ukazolewa na kutupwa mbali. Kuuosha kwa maji ni kuurudisha ndani ya tofali.

Chumvi iliyozama hutolewa kwa njia moja ya zamani inayotumia magazeti. Karatasi huchanwa vipande vidogo, zikalowekwa kwenye maji safi, zikapondwa hadi kuwa rojo, kisha rojo likabandikwa ukutani kwa unene wa sentimita 2 hivi. Maji yake huingia tofalini na kuyeyusha chumvi. Rojo linapokauka huivuta nje. Likianza kubanduka lenyewe hutolewa lote, na kazi hurudiwa mara mbili au tatu.

Baada ya hapo ni subira, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kanuni ya kukadiria ya wajenzi ni mwezi 1 wa kukauka kwa kila milimita 25 za unene wa ukuta, maana yake ukuta wa tofali la inchi 6 unataka karibu nusu mwaka. Ni nadra mtu kuvumilia hivyo. Lakini anayebomoa masika yanapokwisha, akaacha ukuta wazi miezi yote ya kusi na kupiga plasta kabla ya vuli, anakuwa ametenda haki.

Mchanga wa plasta mpya usitoke ufukweni. Hata mchanga wa mto hupimwa: chupa ya kioo hujazwa mchanga mpaka nusu, maji yenye chumvi kidogo yakaongezwa, ikatikiswa na kuachwa saa 3. Tope laini hutulia juu ya mchanga kama ukanda. Ukizidi takribani asilimia 8 ya kimo cha mchanga, mchanga huo uoshwe au ubadilishwe. Mchanganyiko wa ndoo 1 ya simenti, 1 ya chokaa na 6 za mchanga unafaa kuliko simenti tupu, kwa kuwa ni laini kidogo na unaachia mvuke. Tofali hunyunyiziwa maji kidogo kwanza, plasta ikapigwa kwa unene wa milimita 12 hadi 15, ikanyooshwa kwa ubao mrefu, ikasuguliwa kwa kibao, kisha ikamwagiliwa kwa siku 7.

Nyumba za mawe ni habari nyingine. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa na udongo, nene kwa nusu mita au zaidi, nazo zilijengwa ziweze kulowa na kukauka zenyewe. Zikivalishwa plasta ya simenti, mvuke hukosa pa kutokea, unyevu hupanda, na ukifika kwenye vichwa vya boriti zinazobeba ghorofa, boriti huoza kimyakimya ndani ya ukuta. Plasta ya nyumba hizo ni chokaa sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3, kwa matabaka membamba ya sentimita 1 hivi, kila moja likingojewa likaze. Chokaa hukaza polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, kwa hiyo hukingwa jua kwa magunia mabichi. Chokaa isiyozimwa huchemka ikitiwa maji na inaweza kupofua. Miwani na glavu ni lazima. Mji huo umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe hutafutwa kabla ya nyundo kugusa ukuta.

Yapo ya kumwachia mtaalamu. Ufa unaopita milimita 5 au unaoendelea kupanuka si kazi ya puti. Nguzo au boriti ya zege iliyopasuka ikaonyesha nondo zenye kutu ni hatari zaidi: chumvi imekwisha kufika kwenye chuma, kutu inavimba na kulipasua zege kutoka ndani, na kuipiga plasta ni kuficha tu.

Rangi huja mwisho, baada ya plasta kukauka kwa mwezi au zaidi. Rangi ya mafuta haifai kwa ukuta wenye historia ya unyevu, hata jikoni, kwa sababu haipitishi mvuke. Rangi ya maji ya kawaida inatosha, na kwa nyumba ya mawe chokaa ya kupaka ni bora kuliko zote, tena ni rahisi kwa bei. Unga kidogo ukijitokeza msimu wa kwanza, ni masalio ya chumvi ya zamani. Hufagiliwa pakavu, bila kitambaa kibichi.