Haba na Haba Ndiyo Inatumaliza

Wasee wa Meru na Embu, leo niko na kisirani na hawa watu wa ushauri wa pesa. Unafungua simu asubuhi unapata jamaa amekaa ndani ya gari, suti safi, anakuambia wewe ni maskini kwa sababu unakunywa chai ya kibanda. Ati wacha chai na mandazi, weka hiyo hamsini kando kila siku, baada ya miaka kumi utanunua ploti. Na chini yake watu wamejaza "asante kiongozi, umeongea ukweli."

Ukweli gani? Mtu wa Dallas hapa Embu, ama wa Majengo kule Meru mjini, hafilisiki kwa sababu ya chai. Anafilisika kwa sababu kila kitu ananunua kidogo kidogo, na kidogo kidogo ndiyo bei ghali kuliko zote. Sukari robo, makaa ya mkebe, sabuni ya kipaketi, bando la saa moja, mkopo wa simu wa kumalizia siku. Tumefundishwa tangu shule ya msingi kwamba haba na haba hujaza kibaba. Sawa. Lakini hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba haba na haba pia humaliza kibaba, na hiyo ndiyo inatokea kwetu kila wiki.

Na usiniambie ni kukosa nidhamu. Hebu tupige hesabu, kwa sababu hawa washauri huwa hawapigi.

Anza na kutoa pesa kwa wakala. Ukitoa 200 kwa M-Pesa unakatwa 29. Ukitoa 2,500 unakatwa 29. Soma tena hiyo sentensi. Ada ni ileile kuanzia 101 mpaka 2,500. Sasa chukua kijana wa kibarua, labda anachuma majani chai pande za Rukuriri ama anafunga miraa Maua, analipwa kwa simu na kila jioni anatoa 200 ya chakula. Siku 26 za kazi, 29 mara 26 ni 754. Hizo pesa zote alizotoa ni 5,200. Angetoa mara tatu kwa mwezi, angekatwa 87. Tofauti ni 667 kwa mwezi, na kwa mwaka inapita elfu nane. Hiyo elfu nane haikuwa chai. Haikuwa pombe. Ilikuwa ni ada ya kuguswa pesa yake mwenyewe vipande vipande.

Mwingine atasema, "Si atoe mara tatu basi?" Anaweza, na nitarudi hapo. Lakini pia akilipa dukani kwa namba ya till, mteja hakatwi kitu. Tatizo ni kwamba mama mboga wengi hawataki till, wanataka noti, kwa sababu wao pia wanakatwa upande wao. Kwa hivyo anayeuza sukuma ya ishirini na anayenunua sukuma ya ishirini, wote wawili ndio wanalipia mfumo. Mwenye kufanya shopping ya elfu tano supamaketi analipa till na anaenda nyumbani bila kukatwa ndururu.

Twende kwa stima. Kenya Power wana bei ya chini kwa nyumba inayotumia chini ya yuniti 30 kwa mwezi, ya kati kwa kati ya 30 na 100, na ya juu kwa anayepita 100. Ilipangwa hivyo ili mtu mdogo asaidike. Sasa angalia ploti zetu. Vyumba kumi, mita moja. Kila chumba kina balbu, redio na chaja ya simu, tuseme yuniti 15 kwa mwezi. Kila mmoja peke yake angekuwa kwenye bei ya chini kabisa. Lakini kwa mita moja hiyo ni 150, kwa hivyo mnalipishwa bei ya mtu ambaye ana jokofu, pasi na hita ya maji ya kuoga. Halafu mwenye nyumba anaongeza yake juu, na mnachangishana usiku mkigombana nani alipika kwa koili. Landilodi wa Meru na Embu, wacheni hii tabia. Kama huwezi kuweka mita kumi, weka hata mita ndogo za kupima kila chumba ili mtu alipe alichotumia, na usiweke faida juu ya giza la watu.

Makaa ni hivyo hivyo. Sitakupa bei kwa sababu inabadilika na mvua. Wewe mwenyewe enda Gakoromone ama soko la Embu, uliza gunia ni ngapi, uliza mkebe ni ngapi, kisha uulize mikebe mingapi inatoka kwa gunia moja. Zidisha. Ukimaliza hiyo hesabu utakaa chini kidogo.

Sasa nifike mahali panaponiuma zaidi, kwa sababu hii si shida ya mjini peke yake. Nimelelewa Imenti Kusini na sasa naishi Embu, na pande zote mbili naona kitu kimoja. Sisi ni watu wa kuuza kwa gunia na kununua kwa kijiko. Tunavuna mahindi na maharagwe ya mvua ya vuli kuanzia Januari na Februari. Ni wakati uleule shule zinafunguliwa. Karo inaitishwa, broka anajua karo inaitishwa, kila boma liko na gunia la kuuza, na bei iko chini kuliko wakati wowote. Tunauza. Ikifika Mei, mahindi yameisha nyumbani, yaleyale mahindi yanarudi sokoni kwa gorogoro, na bei imepanda. Mama aliyeyapanda, akayapalilia, akayapukuchua, ndiye anayeyanunua. Amelipia usafiri wao kwenda na kurudi.

Majani chai pia. KTDA inalipa malipo ya kila mwezi na kisha bonasi mara moja kwa mwaka. Bonasi ikiingia tunajua kinachofanyika: sehemu kubwa inaenda kulipa kitabu cha deni cha dukani. Na mtu aliye kwa kitabu hachagui duka. Hawezi kuuliza kwa nini sukari ya hapa imezidi ya kule chini na shilingi kumi, kwa sababu jibu atakalopewa ni, "Basi nenda kule chini, lakini lipa kwanza." Kwa hivyo mwaka mzima ananunua ghali, kidogo kidogo, halafu Oktoba analipa yote kwa mkupuo. Pesa ya jumla inalipia maisha ya rejareja.

Juu ya hiyo, weka mkopo wa simu. Fuliza ilianza Januari 2019, na tangu hapo kuna watu ambao simu yao haijawahi kusoma salio lao halisi. Ada inahesabiwa kila siku mpaka ulipe. Pesa ikiingia, deni linachukua kwanza. Unabaki na kidogo, hicho kidogo hakitoshi, unakopa tena. Sijasema usikope mtoto akiwa hospitali. Nasema kukopa ili ununue robo ya sukari ni kulipa mara mbili: umelipa bei ya juu ya robo, na umelipa ada ya kuinunua.

Najua mtakachosema. "Kadogo inasaidia. Mtu akiwa na hamsini lazima ale leo." Kweli kabisa, na sina ugomvi na mwenye duka anayekatia mtu sabuni kipande. Kuuziwa kidogo si dhambi. Angalia ATM ya maziwa. Unaenda na chupa yako, unasema weka ya thelathini, anayekuja nyuma yako anaweka ya mia mbili, na bei ya lita ni ileile kwenu wote wawili. Mafuta ya kupima pia mara nyingi ni nafuu kwa lita kuliko ya chupa yenye lebo. Kwa hivyo inawezekana kumuuzia maskini kidogo bila kumwongezea bei. Shida si udogo wa kipimo. Shida ni kutozwa faini kwa sababu kipimo chako ni kidogo.

Mwingine atasema, "Nikiwa na sukari nyingi nyumbani, inaisha haraka." Hiyo pia ni kweli, mkono huwa mzito ukiona mfuko umejaa. Pima ya wiki, weka kwa mkebe, ile ingine funga. Na mahindi ukiyaweka yakauke vizuri kabisa kwanza. Mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa sumu ya kuvu ya mahindi, wengi Makueni na Kitui, si mbali na Mbeere na Tharaka. Kuweka chakula kibichi kwa gunia si akiba, ni hatari.

Sasa basi tufanye nini? Mimi sitakuambia uamke saa kumi usome vitabu vya mabilionea. Nitakuambia kitu ambacho nyanya yako tayari anakijua: chama.

Lakini si chama cha kuzungusha pesa peke yake. Vyama vyetu vingi hununua pamoja mara moja tu kwa mwaka, Desemba, mafuta na unga na mchele wa Krismasi. Na Desemba hiyo kila mtu anashangaa vile bei imekuwa poa. Swali langu ni moja: kwa nini tunakuwa werevu mwezi mmoja na tunarudi kuwa wateja wa robo miezi kumi na moja?

Chukueni watu wanane wa ploti moja. Kila mtu 500 kwa wiki, si pesa mpya, ni ileile ambayo angepeleka dukani. Hiyo ni 4,000. Wiki hii bunda la unga, zile paketi 12 za kilo mbili, na mtungi wa mafuta. Wiki ijayo sukari na sabuni. Mwezi ukifika gunia la makaa. Mnagawana kwa mizani, si kwa macho.

Na kwa sababu najua mnawaza mweka hazina aliyehama usiku na pesa za watu, sheria ni hii: pesa isilale. Inaingia Jumamosi asubuhi, mchana tayari imekuwa unga. Chama ambacho hakina pesa ndani hakina cha kuibiwa. Watu wawili wanaenda, wanalipa kwa till, ujumbe wa malipo unatumwa kwa grupu hapo hapo dukani. Asiyelipa wiki hiyo hapati wiki hiyo, hakuna kukosana.

Wanaume, hii inawahusu pia. Naona vijana wenzangu wakicheka vyama, ati ni mambo ya akina mama na masufuria. Huyohuyo anayecheka ananunua sigara mojamoja na bando la saa moja mara nne kwa siku. Mama unayemcheka amesomesha watu kwa hicho chama. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mfuko mmoja wa 200 hauwezi kubishana bei na mtu yeyote.

Kwa wale walio na kibarua cha kulipwa kwa siku, ongeeni na mwajiri awalipe kwa wiki, ama aache pesa ikae kwa simu mpaka ifike kiwango cha kutoa mara moja. Kwa wazazi wetu wa mahindi, kabla ya kuuza gunia la nne Februari, ulizeni kama la tatu lingetosha karo ya mwanzo na shule ingekubali kungoja iliyobaki. Kuna hata Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2019, inayomwezesha mkulima kuweka nafaka ghalani na kutumia stakabadhi yake kuomba mkopo badala ya kuuza kwa hasara. Waheshimiwa wawakilishi wa wadi, mnapokuja na lori la unga wakati wa kampeni, siku moja mje na maelezo ya hiyo sheria kwa Kimeru na Kiembu. Hiyo itatulisha zaidi.

Sijasema chama kitakufanya tajiri. Mshahara mdogo ni mshahara mdogo, na hakuna kiasi cha kubana matumizi kitakachougeuza kuwa mkubwa. Ninachokataa ni maskini kuambiwa akae bila chai ilhali pesa yake inavuja kwa mashimo manne ambayo hakuyachimba.

Kwa hivyo kunywa chai yako, mtu wangu. Weka na andazi. Lakini Jumamosi hii gonga milango saba kwenye ploti yako, uliza kila mtu anatumia pesa ngapi kwa unga kwa mwezi. Andika kwa karatasi. Mkishajumlisha, mtajua wenyewe cha kufanya.