Mchanganyaji Si Mwizi

Kuna neno moja ambalo sisi wazee tunalitumia ovyo siku hizi, nalo ni wizi. Kijana akichukua kipande cha taarab ya zamani, akakizungusha katika kompyuta, akakiongeza kasi na kuimbia juu yake mambo ya mtaani kwake, tunasema ameiba. Msanii akitia maneno ya Kiswahili katika muziki wa Marekani, tunasema ameiba, tena ameua utamaduni. Ninaandika kurasa hizi kuyapinga maneno hayo. Nayapinga nikiwa mzee wa miaka sabini na kitu, niliyestaafu ukuu wa chuo cha ualimu, na mkazi wa Kariakoo ambako singeli hupigwa mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Kelele zinanikera kama zinavyomkera mzee mwingine yeyote. Lakini kukerwa ni jambo moja, na kuhukumu kwa haki ni jambo jingine.

Hebu tuanze na hapa tunapokaa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps. Watu wetu wakalichukua jina hilo, wakalipitisha katika ndimi zao, likatoka Kariakoo. Leo mtu akilisikia anakumbuka soko, nyanya, vitambaa, msongamano wa Mtaa wa Kongo na ubishi wa Simba na Yanga. Jina la kuazima limekuwa letu kwa sababu tumelijaza maisha yetu.

Tembea kidogo mpaka Mtaa wa Uhuru, kwenye maduka ya khanga. Vazi hili tunaloliita la asili lilianza, katika karne ya 19, kwa wanawake wa pwani kushona pamoja leso zilizoletwa na wafanyabiashara. Baadaye viwanda vikachapa vitambaa vizima vyenye pindo, mji na jina. Na mwanamke anayenunua khanga hakuyatunga maneno yaliyoandikwa. Kiwanda ndicho kilichoyachapa, kwa maelfu. Lakini anapojitanda khanga hiyo akapita mbele ya mlango wa jirani waliyegombana, maneno yale ni yake. Akimpa mkwewe, yanakuwa na maana nyingine. Akimfunika nayo mama yake mgonjwa, nyingine tena. Kitambaa ni kile kile. Nani atamwambia mwanamke huyu kwamba hana ubunifu?

Na muziki je? Taarab tunayoililia haikuota Unguja kama mkarafuu wa porini. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza kupiga kanuni. Muziki ukaimbwa ikulu, tena kwa Kiarabu. Kisha akaja Siti binti Saad, mtoto wa maskini wa Fumba, akauimba kwa Kiswahili watu wa Ng'ambo wakauelewa, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Alichukua chombo cha wakubwa akakitia mambo ya wadogo. Kama kijana wa Tandale anayekata kipande cha taarab ni mwizi, basi Siti naye tumpeleke mahakamani!

Vivyo hivyo muziki wa dansi. Santuri za Cuba zilifika huku, vijana wakazisikiliza, wakazipenda. Salum Abdallah, aliyeanzisha bendi yake Morogoro mwaka 1948, hakuficha alikochota. Bendi yenyewe ilijulikana kwa jina la Cuban Marimba. Alichukua mchana kweupe, akaandika mlangoni alikochukua, kisha akatupa nyimbo ambazo hakuna Mcuba angeweza kuzitunga.

Nimesema mchana kweupe kwa makusudi, maana hapo ndipo penye mpaka kati ya kuchanganya na kuiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir, maarufu kwa jina la Saleh J, aliuchukua wimbo wa Vanilla Ice uitwao Ice Ice Baby, akauimba kwa Kiswahili na kwa maneno yake. Kila aliyeusikia alijua muziki ule umetoka wapi. Lakini huyo Vanilla Ice mwenyewe alikuwa ameuchukua mpigo wa besi kutoka katika wimbo wa mwaka 1981 wa Queen na David Bowie, na mwanzoni hakuwataja. Mpaka ukazuka mzozo ndipo majina yao yakaandikwa. Kosa halikuwa kuuchukua mpigo. Kosa lilikuwa kuyafuta majina.

Mtu atasema, hao ni wapiga ngoma tu, wasomi hawafanyi hivyo. La hasha! Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare mara mbili. Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, mfanyabiashara mmoja wa Venice aliyemo katika jina la mchezo ule alitoka mikononi mwa Mwalimu akiwa Mabepari wa Venisi. Kwa neno hilo moja mchezo wa Kiingereza ukaanza kusema na Tanzania ya siku zile. Na Shakespeare naye kisa hicho alikiokota katika hadithi za Kiitaliano. Tulivifundisha vitabu hivyo shuleni kwa heshima, na ilikuwa haki. Kwa nini basi heshima hiyo iishie kwa wenye shahada?

Na shule zetu, tuseme ukweli, hazina ulimi wa kuwasema vijana hawa. Mwalimu ananakili kutoka kitabuni kwenda ubaoni, mwanafunzi ananakili kutoka ubaoni kwenda daftarini, na siku ya mtihani ananakili kutoka kichwani kwenda karatasini, bila kubadili nukta. Huyo tunampa cheti. Yule aliyesikia, akapambanua, akaunga na lake, tunamwita mwigaji!

Mwizi yupo, namjua sura. Katika miaka ya kanda za kaseti alikaa hapa hapa Kariakoo akirudufu kazi za wanamuziki na kuziuza kama njugu. Leo yumo kibandani, anakujazia nyimbo mia katika flashi kwa fedha kidogo. Hakuongeza hata sauti ya kikohozi chake, na mara nyingi jina la mtunzi ameliacha njiani. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na COSOTA ya kuisimamia. Hata hivyo sisi tunaomlaumu kijana wa singeli ndio tunaopanga foleni kwa mwenye flashi.

Jina likipotea halirudi kirahisi. Wimbo wa Malaika umeimbwa na Miriam Makeba, ukaimbwa na Boney M, ukazunguka dunia nzima. Fadhili William wa Kenya aliurekodi na kusema ni wake. Wengine wanasema mtunzi ni Adam Salim. Ubishi haujesha.

Yapo matusi katika baadhi ya singeli, sikatai. Lakini tusi ni tusi hata likitungwa upya kabisa. Lisitumike kuficha hoja hii.

Kwa hiyo nanyi vijana nawadai. Mkichukua sauti ya bibi wa taarab aliyezeeka katika chumba cha kupanga, mtajeni, na mkipata fedha mpeni fungu lake. Wazee wenzangu, kabla ya kutamka neno wizi, ulizeni mawili: ameongeza nini, na amemtaja nani? Na walimu mlioshika chaki sasa, wapeni watoto hadithi ya kale ya nyumbani kwao, waambieni waibadilishe wapendavyo, kisha chini ya ukurasa waandike waliisikia kwa nani. Msiisahihishe kazi isiyo na jina hilo.