Tunadesa mpaka Codeforces!

Najua nimepotea hapa muda mrefu, wengine mmenitumia meseji kuuliza kama nimedisko. Sijadisko bana, nipo. Nilikuwa nyumbani Kang'ata, Handeni, kwenye mazoezi ya kufundisha, na mambo ya maandalio ya somo na bando mnayajua wenyewe. Nimerudi chuo juzi, begi bado halijafunguliwa lote, lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu mwezi wa tano na leo nalitema.

Ni hivi. Hapa hosteli kila mtu siku hizi anataka kuwa mtengeneza programu. Si watu wa kompyuta peke yao, hapana, hata sisi wa ualimu. Chumbani kwetu tuko wanne, watatu tunasoma ualimu wa hisabati na sayansi, na wote wanne tuna akaunti Codeforces. Kwa wasioijua, huo ni uwanja wa mashindano ya kutatua maswali kwa kuandika programu. Ulianzishwa na Mike Mirzayanov wa Chuo Kikuu cha Saratov, Urusi, na mashindano yanaendeshwa humo tangu 2010. Unapewa maswali kadhaa na kama saa mbili hivi, unatuma programu yako, mashine inaipima, na jina lako linabadilika rangi kadiri unavyopanda. Wa chini kabisa ni kijivu, ukifika alama 1200 unakuwa kijani. Uzuri ni kwamba saa za Moscow na za kwetu ni zilezile, kwa hiyo mashindano mengi yanaanza saa 11 na dakika 35 jioni. Ubaya ni kwamba hiyo ndiyo saa ya foleni ya chakula. Watu wanalala na biskuti kwa ajili ya rangi ya kijani, jamani!

Simcheki mtu. Sababu naijua kwa sababu ni yangu pia. Ajira za ualimu mnaziona wenyewe zilivyo. Mwaka 2025 walimu wasio na ajira waliunda kabisa umoja wao, NETO, wapaze sauti. Kaka zetu waliomaliza miaka mitano, sita nyuma wengine bado wanafundisha tuisheni za kujitolea. Sasa mtu akikwambia kuna kampuni ya nje inaajiri kijana akae chumbani kwake, alipwe kwa dola, ila kwanza apite usaili wa maswali ya aina hii, wewe utaacha? Mimi sikuacha. Baba ni mkulima wa mahindi, mdogo wangu wa kike yuko kidato cha nne, na mahesabu ya nyumbani nayafahamu kuliko mahesabu ya darasani.

Lakini tunafanyaje hayo mazoezi? Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. TUNADESA. Ndiyo, neno lilelile. Tumetoka shule tukiwa tumefunzwa kumaliza mitihani iliyopita, kukariri "swali la nne huwa linakuja hivi", tukafika chuo tukakuta desa za kaka zetu, na sasa tumelibeba desa tukalipeleka mpaka Urusi. Mtu anafungua swali, analitazama dakika tano, anakuna kichwa, anafungua maelezo ya jibu, anasoma, anasema "aaah, kumbe!", ananakili, anatuma, anapata alama ya kukubaliwa. Kesho anasema ametatua maswali mia mbili. Hujatatua maswali mia mbili mwanangu, umesoma majibu mia mbili!

Nasema kwa ukali kwa sababu mimi ndiye nilikuwa bingwa wa mchezo huo. Nilikuwa na daftari kabisa, la mistari, lenye kichwa "aina za maswali". Mwezi wa tano nikapata usaili na kampuni moja, jina tuliache. Niliazima laptopu yenye kamera nzuri, nikanunua bando la siku nzima, nikamwomba rafiki yangu wa chumba cha pili aniachie chumba. Nyumbani nilishawaambia. Hilo ndilo kosa la kwanza.

Swali likaja: una ramani ya miji na barabara, kila barabara ina gharama yake, tafuta njia ya gharama ndogo kutoka mji huu mpaka ule. Moyo ukaruka kwa furaha! Hilo lilikuwa ukurasa wa tatu wa daftari. Ni algorithimu ya Dijkstra, nikaiandika kwa Python bila kupumua, dakika kumi tu. Yule dada aliyekuwa ananisaili akatabasamu, akasema vizuri. Halafu akaongeza sentensi moja: "Sasa una tiketi moja ya bure. Unaweza kupita barabara moja tu bila kulipa. Njia ya gharama ndogo ni ipi?"

Kimya.

Nikasema, basi, natafuta njia ya gharama ndogo kama mwanzo, halafu tiketi naiweka kwenye barabara ghali kuliko zote katika njia hiyo. Akaniuliza, una uhakika? Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena taratibu, kwa upole hasa, kama unavyomuuliza mtoto. Nikarudia jibu lilelile kwa sauti kubwa zaidi. Barua pepe ya "tunakutakia kila la heri" ilifika baada ya siku mbili.

Hapa nitoe kisa kidogo, maana ndicho kilichoniuma zaidi baadaye. Huyo Edsger Dijkstra, Mholanzi, alibuni njia yake mwaka 1956 akiwa amekaa mgahawani Amsterdam na mchumba wake, wamechoka kuzunguka madukani, wanakunywa kahawa. Alisimulia mwenyewe kwamba ilimchukua kama dakika ishirini, bila karatasi wala kalamu, na akaichapisha mwaka 1959. Yeye dakika ishirini za kuwaza, mimi wiki tatu za kukariri alichowaza yeye!

Haya, tuje Kang'ata.

Wiki ya sita ya mazoezi ya kufundisha nilikuwa na kidato cha pili, Ijumaa, kipindi cha mwisho, watoto wamechoka na mimi nimechoka. Nikaamua kuachana na maandalio. Nikachora ubaoni vituo vinne ambavyo kila mtoto wa Handeni anavijua: Segera, Mkata, Korogwe na Handeni mjini. Wasiotoka kwetu niwaeleze: ukiwa umeshuka Segera unaelekea Handeni, una njia mbili. Unaweza kurudi Mkata halafu ukaingia kilometa 54 mpaka Handeni, au upandishe Korogwe halafu ukate kilometa 65. Nikaweka nauli za kubuni (msije mkanidai): Segera mpaka Mkata 2,500, Mkata mpaka Handeni 3,500, Segera mpaka Korogwe 1,000, Korogwe mpaka Handeni 5,500. Ipi nafuu? Wakajumlisha haraka. Kwa Mkata 6,000, kwa Korogwe 6,500. Twende Mkata. Nikafurahi, nikataka kufuta ubao.

Binti mmoja wa nyuma, ambaye kusema kweli nilikuwa sijawahi kumsikia akizungumza, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na kama nina mjomba ana lori la mahindi, atanipa lifti kipande kimoja tu, nimwambie anisubiri wapi?"

Wadau, nilishika chaki nikabaki nimesimama. Ilikuwa tiketi yangu ya bure! Swali lilelile lililoniangusha, limevaa shati la kwetu.

Wa kwanza kujibu alikuwa kijana wa mbele, kichwa wa darasa, akajibu kama nilivyojibu mimi: njia nafuu ni ya Mkata, basi lori limsubiri Mkata, atalipa 2,500. Sikusema kitu. Yule binti akasema hapana, tujaribu kipande kimoja kimoja. Lori likiwa Segera–Mkata, analipa 3,500. Likiwa Mkata–Handeni, 2,500. Segera–Korogwe, 5,500. Korogwe–Handeni... 1,000! Darasa likalipuka. Njia iliyokuwa ghali imekuwa rahisi kwa sababu ya lifti. Kijana wa mbele akabisha, akajumlisha upya, akakubali huku amenuna.

Yule binti hana kompyuta, na hajui kama kuna mtu aliitwa Dijkstra. Alichofanya ni kujaribu kila kipande bila kuona aibu kwamba njia yake ni ndefu. Na hilo tu, "nitajaribu kila barabara kuwa ndiyo ya bure, nitahesabu upya kila mara, halafu nitafute namna ya kuharakisha", lingetosha kabisa kuendeleza mazungumzo na yule dada wa usaili. Hakutaka ukurasa wa tatu wa daftari. Alitaka kuona nikiwaza.

Rafiki yangu wa chumbani ananibishia. Anasema kukariri hakukwepeki, hata jedwali la kuzidisha tulikariri. Kweli, namkubalia nusu. Zana lazima uwe nazo kichwani, huwezi kubuni kila kitu upya. Lakini anayejua jedwali la kuzidisha na hajui wakati wa kuzidisha, si ndiyo wanafunzi wetu hao tunaowalalamikia kila siku?

Halafu kukariri kwenyewe kumepoteza soko. Septemba 2025 zilifanyika fainali za dunia za ICPC, mashindano ya vyuo vikuu, huko Baku, Azerbaijan. Maswali 12, saa tano. OpenAI wakatangaza mfumo wao umetatua yote 12, na Google wakasema wa kwao umetatua 10. Sasa wewe na daftari lako la mistari unashindana na nani? Kama kampuni inataka mtu wa kutoa jibu linalojulikana, tayari ina mashine.

Na hata ukipita huo usaili, tusidanganyane kuhusu mlango wenyewe. Kumbukeni Andela. Walianza Lagos mwaka 2014, wakaja Nairobi 2015, Kampala 2017, wakichukua vijana, kuwafundisha na kuwaunganisha na kampuni za nje. Wengi tuliwaona kama ngazi ya mbinguni. Septemba 2019 wakaachisha vijana zaidi ya 400 wa Nigeria, Kenya na Uganda, kwa maelezo kwamba soko lilitaka wazoefu, si wanaoanza. Wale hawakuwa vilaza, walichujwa kwelikweli. Huyo anayewaambia mkifika rangi ya bluu dola zinamiminika, muulizeni habari hiyo.

Kazi zilizopo hapa kwetu nazo zina maswali yasiyo na ukurasa wa majibu. Chukueni kontrol namba tunayolipia ada. Mtandao ukikatika katikati ya malipo, pesa imetoka kwenye simu na chuo hakijaiona, programu ifanye nini? Ilipe tena? Isubiri? Isubiri mpaka lini? Hakuna rangi ya kijani hapo, kuna mwanafunzi analia dirishani kwa mhasibu.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, mnirushie mawe mkitaka. Codeforces tuendelee nayo, mimi mwenyewe sijafuta akaunti. Ila maelezo ya jibu tusiyafungue siku hiyohiyo. Lala nalo swali, likusumbue hata siku tatu. Ukilitatua, libadilishe sharti moja, ulitatue tena. Maswali matano kwa mwezi ya namna hiyo nayathamini kuliko mia mbili ya desa. Na tuache kujifungia kila mtu na simu yake. ICPC wanashindana watatu kwa kompyuta moja, yaani utaratibu ule umekaa kama umetungwa kwa ajili ya hosteli yetu! Mmoja anaandika, wawili wanabishana na kalamu na karatasi. Nimeshawaomba wenzangu wawili tuanze Jumamosi, mmoja kakubali, mwingine anasema ataangalia ratiba ya mpira kwanza.

Baba hakunisema kuhusu ule usaili. Nilipomweleza jioni moja, mahindi yamemwagwa uani tunapukuchua, aliniuliza swali lenyewe lilikuwaje. Nikamwambia la nauli na lifti ya lori. Akafikiri kidogo, akasema lori la bure hulipandi kwenye kipande cha nauli ndogo, unaliweka kwenye kile kirefu, hata kama ni cha njia nyingine. Mdogo wangu akacheka mpaka akamwaga ungo.

Sasa ni saa 11 na dakika 20, wenzangu wameshaanza kugombania soketi ya umeme. Mimi leo naenda kula kwanza.