Mnaizeesha shuka bure

Harusi ikitangaza kwamba sare ni "vazi la asili", au shule za Songea zikifanya siku ya utamaduni, shuka nyekundu yenye miraba myeusi haikosi. Muulize aliyeivaa, atakujibu bila kusita kwamba ndivyo walivyovaa babu zetu. Si kweli. Babu wa Kingoni hakuivaa, na babu wa Kimasai naye hakuivaa.

Chomoa uzi mmoja kwenye ukingo wa shuka hizi zinazouzwa sokoni, uuguse kwa kiberiti. Pamba ingewaka ikaacha majivu. Nyingi zitayeyuka, zijikunje, zibaki kidonge cheusi kigumu. Hiyo ni akriliki, zao la kiwanda cha kemikali. Wamasai walivaa ngozi zilizopakwa mafuta na udongo mwekundu, mpaka karne ya 20 nguo za dukani zilipozisukuma kando. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali yetu iliendesha kampeni ya kuwavua lubega na kuwavisha suruali. Leo matangazo ya utalii hayakamiliki bila lubega. Haya.

Sisi wa Ruvuma je? Wangoni walitoka kusini, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, wakiokota watu wa makabila mengine njia nzima. Walivaa ngozi. Baadaye zikaja merikani kutoka Marekani na kaniki kutoka India, zikipandishwa bara na misafara ya Kilwa. Huyo mfumaji wa miraba wa Kingoni alikuwa nani, na alifumia wapi?

Utasikia watu wakijitetea kwa Waskoti: mbona wao kila ukoo una miraba yake tangu kale? Nao walidanganyana vizuri tu. Mwaka 1746, baada ya uasi uliotokea Uskoti, Waingereza waliwakataza wanaume wa milimani kuvaa mavazi yao, na katazo likafutwa 1782. Mfalme George IV alipozuru Edinburgh mwaka 1822, mwandishi wa riwaya Walter Scott ndiye aliyepanga sherehe, na wakuu wa koo wakahangaika kutafuta miraba "yao". Kiwanda cha Wilson huko Bannockburn kilikuwa na mitindo iliyojulikana kwa namba. Ikaanza kupewa majina ya koo. Rob Roy, mwasi aliyefariki 1734 na ambaye Scott alimtungia riwaya, naye akabandikwa miraba yake miongo mingi baada ya kuzikwa. Ni miekundu na myeusi. Iweke kando ya shuka yetu, ni pacha.

Sina ugomvi na nguo. Ivaeni shuka, vaeni na kitenge, ambacho Waholanzi walikipata kwa kuiga batiki ya Java. Mmasai ameivaa shuka mpaka imekuwa yake, na hilo linatosha. Haihitaji kuongezewa karne. Ugomvi wangu ni mtoto wa Songea anayefungwa akriliki begani akaambiwa sasa amefanana na Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Kingoni wa wakati wa Majimaji. Habari ya kweli ya nguo na nchi hii ni kali kuliko hiyo: vita vya Majimaji vilianza 1905 kule Matumbi, watu walipochoka kulimishwa pamba ya Mjerumani, na tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Kingoni wakanyongwa hapa hapa Songea.

Walimu, Makumbusho ya Majimaji yapo mjini. Siku ya utamaduni ijayo, wapelekeni watoto huko wakiwa na sare zao za shule.